Chumba Ulicholipia Si Sadaka

Kila hoteli ina vyumba viwili vitatu ambavyo wafanyakazi wake wenyewe wanavijua. Kimoja kimepakana na jenereta. Kingine kiko juu ya jiko, na tangu alfajiri mgeni anasikia sufuria zikigongana. Cha tatu kina kiyoyozi ambacho fundi ameshakigusa mara nyingi na bado kinachuruzisha maji ukutani. Vyumba hivyo havifungwi, maana chumba kilichofungwa hakiingizi kitu. Vinabaki kwenye orodha, na kila asubuhi, mtu wa mapokezi anapopanga nani alale wapi, lazima apatikane wa kuvijaza.

Ukizunguka hoteli za pwani yetu kwa muda utaona anayevijaza ni nani. Ni aliyechelewa kufika. Ni aliyekuja peke yake. Na zaidi ya hao ni yule anayejulikana kwamba hatasema kitu, na huyo, kwa masikitiko yangu, mara nyingi ni Mtanzania au Mkenya aliyekuja kupumzika kwa fedha yake mwenyewe.

Wasafiri wa namna hii wameongezeka. Treni ya Nairobi hadi Mombasa ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, familia ambazo zamani ziliona pwani ni mbali zikaanza kushuka Nyali na Diani mwisho wa wiki. Upande wetu treni ya umeme ilifika Dodoma mwaka 2024, na boti ya kutoka Dar es Salaam hadi Unguja hutumia takriban saa mbili. Mwalimu wa Dodoma akiamua, anaamka kwake na usiku analala Paje. Mwaka 2020, ndege za kimataifa ziliposimama kwa sababu ya korona, wenye hoteli walimkumbuka mgeni wa ndani wakamshushia bei na kumbembeleza aje. Alikuja. Swali langu ni analazwa wapi akifika.

Katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja niliwahi kuwa jirani na familia iliyotoka Morogoro: mzee, mkewe, binti yao na wajukuu. Binti ndiye aliyewalipia wazazi. Alikuwa amedunduliza kwa muda mrefu, akatuma nusu ya fedha kwa simu baada ya kutumiwa picha za chumba chenye kibaraza kinachotazama bahari. Walipofika wakapewa chumba cha nyuma. Nilikiona kwa macho yangu, kwa sababu bibi aliniomba nimsaidie kufungua dirisha. Halikufunguka, bawaba zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Chandarua kilikuwa na tundu la kupita ngumi, limekusanywa na kufungwa fundo kwa uzi mweusi. Godoro lilikuwa limebonyea katikati, na hatua chache nje ya ukuta jenereta ilikuwa inanguruma.

Binti alikwenda mapokezi. Kijana aliyekuwa zamu hakumjibu vibaya. Alimwambia kwa upole, "Dada, hii ni bei ya mkaazi." Binti akarudi na jibu hilo kwa baba yake. Mzee akasema, "Basi mwanangu, tuache tu. Ni siku mbili."

Kesho yake asubuhi niliwakuta mezani, bibi ameshika kichwa kwa kukosa usingizi. Mchana wa siku hiyohiyo walifika wageni wawili Wajerumani, wakapelekwa chumba kinachofuatana na kile. Walikitazama, wakarudi mapokezi na mabegi yao, wakaongea dakika chache, wakahamishiwa mbele. Nilimuuliza meneja wa zamu kwa nini hawa na si wale. "Vyumba vya mbele vilikuwepo tangu jana," akaniambia. "Yule dada aliuliza mara moja, akanyamaza."

Jibu lile linaudhi, lakini lina habari muhimu ndani yake. Vyumba vilikuwepo. Hakuna aliyekusudia kuwatesa wazee wa watu. Palikuwa na chumba cha kujaza, na palikuwa na watu waliokubali kukijaza.

Nianze na hili la bei ya mkaazi, kwa sababu ndilo linalofunga midomo mingi. Hoteli hutoza wakaazi bei nafuu kwa hiari yake na kwa faida yake. Watalii wa nje hupungua sana wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hata baadhi ya hoteli hufunga milango, na mgeni wa ndani ndiye anayesaidia kulipa mishahara na umeme. Punguzo lile ni la bei. Si punguzo la godoro, wala la chandarua, wala la usingizi. Hoteli ikitaka kuuza chumba cha nyuma kwa bei ya chini ina haki kamili ya kufanya hivyo, na wako watakaokinunua kwa furaha, ila imtumie mteja picha ya chumba cha nyuma. Ukionyeshwa kibaraza cha bahari ukalipa kwa sababu ya kibaraza hicho, umenunua kibaraza hicho, kwa shilingi au kwa dola.

Rangi ya ngozi nayo ina sehemu yake katika mambo haya, sitaificha. Kuna mapokezi ambako mzungu aliyevaa kaptula huhudumiwa haraka kuliko mama aliyevaa kitenge. Lakini wale Wajerumani walikuwa na kitu kingine ambacho binti wa Morogoro hakuwa nacho. Kwao, kasoro ya chumba cha likizo ina bei, na bei hiyo imeandikwa.

Mwaka 1985 mahakama ya Frankfurt ilichapisha jedwali la kusaidia kukadiria ni kiasi gani mteja wa safari iliyopangwa na wakala arudishiwe chumba kisipokuwa kama alivyoahidiwa. Uliahidiwa kuona bahari ukapewa ukuta, asilimia 5 hadi 10 ya bei. Kelele za usiku, asilimia 10 hadi 40. Kiyoyozi hakifanyi kazi, asilimia 10 hadi 20, ikitegemea majira. Wadudu chumbani, asilimia 10 hadi 50. Jedwali lile halikuwa sheria na halikumfunga hakimu yeyote, lakini lilitumika kwa miaka mingi kama kipimo, na mawakala wa safari walilijua kama mwenye duka anavyojua bei ya sukari. Muhimu zaidi, sheria ya Ujerumani inamtaka msafiri alalamike hukohuko aliko, bila kuchelewa, ili kasoro irekebishwe. Akinyamaza, akarudi nyumbani ndipo aandike barua, anaweza kukosa haki yake. Kwa hiyo Mjerumani anayerudi mapokezi na begi lake mkononi hafanyi jeuri. Anafuata utaratibu wa kwao.

Uingereza nayo ilifika huko kwa njia ya kesi, na kesi yenyewe inafaa kusimuliwa. Wakili mmoja aitwaye Jarvis alikuwa na likizo ya wiki mbili tu kwa mwaka. Mwishoni mwa 1969 alinunua safari ya Krismasi kwenda Mörlialp, milimani Uswisi, kwa pauni 63 na senti zake. Kijitabu cha kampuni kilimwahidi mengi: mkusanyiko wa wageni wenye bashasha, keki ya jioni, mwenye hoteli anayezungumza Kiingereza, usiku wa nyimbo za milimani. Wiki ya kwanza walikuwepo wageni wachache. Wiki ya pili alibaki peke yake hotelini, na mwenye hoteli hakujua Kiingereza. Mwimbaji aliyeahidiwa alikuja na nguo zake za kazi, akaimba nyimbo nne tano harakaharaka, akaondoka. Jarvis alishtaki. Jaji wa kwanza alimpa pauni 31 na kitu, yaani nusu ya alicholipa. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani, Lord Denning akiwa mmoja wa majaji, ilimpandishia hadi pauni 125, karibu mara mbili ya bei ya safari nzima.

Mahakama ilifanya hivyo kwa sababu moja ambayo naipenda. Ilikubali kwamba aliyenunua mapumziko akapewa karaha hakupoteza kitanda tu. Alipoteza wiki mbili za mwaka wake ambazo hazirudi. Sheria ya ajira ya Tanzania inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, na tunajua siku hizo huishia wapi: msiba kijijini, ujenzi, ada za shule, mgonjwa wa kuuguza. Anayefanikiwa kuokoa siku mbili au tatu akaenda kutazama bahari na wazazi wake amefanya jambo kubwa. Ndiyo maana ile kauli ya "ni siku mbili tu" inaniuma. Familia nyingi hazitazipata tena siku hizo mbili.

Hata hivyo malalamiko lazima yawe ya haki, na hapa wasafiri wa ndani tunahitaji kujifunza, hasa tunaotoka bara. Yapo mambo ambayo si kosa la hoteli, ndivyo mahali palivyo. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Kiwengwa hadi Makunduchi, maji yakipwa yanakwenda mbali kweli, na aliyefika saa sita mchana akitarajia kuogelea anakuta mchanga, mwani na kinamama wenye mashamba yao. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita nne. Maji yatarudi baada ya saa sita hivi. Hakuna meneja wa kuyaharakisha. Anayetaka kuogelea karibu saa zote aende Nungwi au Kendwa, ambako bahari haikimbii sana. Vilevile maji ya bafuni katika sehemu nyingi za ufukweni yana chumvichumvi kwa sababu visima vipo karibu na bahari, sabuni haitoi povu na taulo hukakamaa hata zikiwa safi. Mjusi darini ni mwenyeji. Adhana ya alfajiri ilikuwepo kabla ya hoteli.

Mji Mkongwe una tabia zake pia. Nyumba zile, ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa, unahitaji kupumua. Chumba kikiwa na harufu kidogo ya unyevu wakati wa masika, nyumba inafanya kazi yake. Lakini ukiona rangi ya mafuta imepakwa juu ya chokaa, imevimba na kubabuka, ukungu mweusi umetanda nyuma ya kitanda cha samadari, huo si uzee wa nyumba. Ni mtu aliyepaka rangi isiyofaa ili picha ipendeze, unyevu ukakosa pa kutokea.

Kwa hiyo kipimo changu ni rahisi: mtu angeweza kuirekebisha kasoro hiyo kwa kazi na gharama ya kawaida? Chandarua kilichotoboka, ndiyo. Kitasa kisichofunga, ndiyo, na hicho ni cha usalama, usilale nacho hata usiku mmoja. Shuka yenye madoa, choo kisichopitisha maji, taa ya bafuni iliyoungua, ndiyo zote. Na kunguni. Hawa watafute kabla hujaweka begi kitandani: inua pembe ya shuka, tazama mshono wa godoro na nyufa za ubao wa kichwani kwa tochi ya simu. Ukiona vidoa vyeusi vilivyokaa mstari, au magamba mepesi ya rangi ya kahawia, usikubali chumba cha jirani, maana kunguni hupita kwenye kuta. Omba kilicho mbali, au ondoka na fedha yako. Ukirudi nao nyumbani utapambana nao kwa miezi.

Hapo nimegusa jambo la wakati, nalo ndilo kiini cha namna ya kudai. Chumba ambacho hujakitumia hakina gharama kubwa kubadilishwa. Mhudumu hahitaji kutandika upya, kufua shuka, kusugua bafu. Ukishaoga na kulala, hoteli inahesabu vyumba viwili kwa mgeni mmoja na moyo wake unakuwa mzito. Hoteli nyingi huwataka wageni waondoke vyumbani saa nne asubuhi na kupokea wapya saa nane mchana. Anayefika mapema mchana anakuta vya kuchagua, na anayefika saa mbili usiku anakuta kilichobaki. Fika mapema kama usafiri unaruhusu. Ingia chumbani ukiwa bado na viatu miguuni. Washa kiyoyozi, fungua bomba la maji ya moto, vuta maji chooni, funga mlango kwa ndani, kaa juu ya godoro. Kazi hiyo haimalizi dakika tano. Kasoro ukiiona, ipige picha, rudi mapokezi na ujumbe wa simu wenye picha za awali ulizotumiwa, na useme mambo mawili: kasoro ni hii, na ninachoomba ni hiki. Kuhamishwa, kutengenezewa, kupunguziwa, au kurudishiwa. Wengi wetu husema la kwanza tukaliacha la pili likining'inia, na mtu wa mapokezi anajibu "pole sana" kisha mambo yanaishia hapo.

Ukiambiwa meneja hayupo, uliza atarudi saa ngapi na kaa hapohapo kwenye kiti cha mapokezi. Huhitaji kupaza sauti. Tumelelewa kuamkia, kuomba, kushukuru, na hayo yote yanaingia vizuri ndani ya dai la haki: "Shikamoo mzee, samahani kwa usumbufu, chumba nilichopewa sicho nilicholipia, naomba nihamishwe sasa." Sentensi hiyo ina adabu zote na haijapunguza hata senti ya haki yako. Ugeni wa kwa shemeji, ambako unakula ulichopakuliwa na kulala ulipotandikiwa, hauhusiki kwenye nyumba uliyolipia kwa usiku.

Ila nakusihi, usimgeuzie hasira dada wa usafi. Huyo hakuchagua godoro. Hakupiga picha za tangazo. Mara nyingi ameomba chandarua kipya kwa msimamizi wake akaambiwa asubiri, na lile fundo la uzi mweusi ni mkono wake uliojaribu kumkinga mgeni na mbu kwa alichokuwa nacho. Nimeona wasafiri wakimfokea mwanamke kama huyo mbele ya watoto wao, kisha wakapita mapokezi kimya, wakitabasamu. Wamemwonea aliye chini wakamwacha mwenye uamuzi.

Na mlango wa hoteli ukishindikana, sheria ipo, ingawa wachache tunaigusa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaokubalika, haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili afaidike nayo, na haki ya fidia. Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani ndiyo mlinzi wake. Leseni za hoteli huku zinatawaliwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Zanzibar, kwa kuwa utalii si jambo la Muungano, ina Kamisheni yake ya Utalii na tume yake ya ushindani halali. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli kwa nyota, kuanzia moja hadi tano.

Vyombo havikosekani, basi. Kinachokosekana ni kitu ambacho binti wa Morogoro angeweza kukinyooshea kidole pale mapokezi. Nyota zinamwambia hoteli ilikuwaje siku ya ukaguzi. Hazimwambii afanye nini usiku ule, mbele ya kijana mpole anayetaja bei ya mkaazi, mama yake akiwa amekaa ukingoni mwa godoro lililobonyea. Malalamiko yanayopelekwa ofisini Dar es Salaam au Nairobi baada ya safari yana kazi yake, lakini hayamlazi mtu.

Ombi langu kwa Kamisheni ya Utalii Zanzibar, kwa mamlaka za leseni za Tanzania Bara na Kenya, na kwa vyama vya wenye hoteli, ni karatasi moja. Iandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, ibandikwe mapokezi pale ilipobandikwa leseni. Iseme kwamba mgeni ana haki ya kuona chumba kabla ya kumaliza kulipa. Iseme kwamba bei ya mkaazi ni ya chumba kilekile kilichotangazwa. Itaje kasoro kumi za kawaida na kiwango cha punguzo kwa kila moja kama hoteli haina pa kumhamishia mgeni, na iweke namba ya simu ya mtu anayepokea hata usiku. Wenye hoteli waaminifu hawatapoteza chochote, kwani wao tayari huhamisha wageni bila kushurutishwa, na wanaumizwa na jirani anayeuza kwa picha za mwaka aliofungua. Karatasi hiyo haihitaji sheria mpya wala fedha za wafadhili. Msimu wa Desemba unakuja, familia zimeanza kutuma nusu ya malipo kwa simu. Ibandikwe kabla hawajafika.